Bustani ya mimea ya asili kwa ajili ya nyuki na wachavushaji wengine, Uyole: tupande nini, tuanzie wapi?

Mwana-Uyole

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kikundi chetu cha mtaa kimeruhusiwa kutumia robo eka pembeni ya shule ya msingi. Tunataka kuifanya bustani ya mimea ya asili kwa ajili ya wachavushaji: nyuki wakubwa, nyuki wadogo, vipepeo, hata ndege chozi. Si kwa ajili ya urembo. Majirani wengi wana maboga, matango na miparachichi michache, na malalamiko ni yaleyale: maboga machanga yanageuka njano na kudondoka, parachichi inachanua mti mzima halafu inashika matunda ya kuhesabu.

Hali ya eneo: mwinuko karibu mita 1,800, udongo mwepesi wa volkano unaopitisha maji haraka, sangari (ile nyasi sugu inayotambaa) imejaa, upande wa chini kuna kijito. Julai hadi Agosti ni baridi na upepo mkavu. Majirani wanapuliza viazi mara kwa mara msimu wa mvua, na mifugo hupita baada ya mavuno.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Tupande mimea gani hasa? Mbegu na miche tupate wapi? Sangari tuifanyeje? Na walimu wanaogopa watoto wataumwa na nyuki, je, wana haki? Sasa ni Agosti, kama tunataka kupanda mvua hizi tumechelewa?

---

Bwana Miti, Mafinga

Mkuu, kabla ya orodha ya mimea chora kalenda. Bustani nyingi za namna hii hazisaidii kitu kwa sababu kila kilichopandwa kinachanua Februari hadi Aprili, wakati pori zima limejaa maua na nyuki hawana shida. Njaa yao huku Nyanda za Juu ni Juni hadi Septemba. Mvua imekata, nyasi zimekauka au zimechomwa moto, mashamba yamevunwa. Kundi la nyuki likikosa chakula miezi hiyo linadhoofika au linahama, na wakati huohuo ndipo miparachichi ya sehemu nyingi huku inaanza kuchanua. Kwa hiyo nusu ya nafasi yenu ipeni mimea ya kiangazi, hata kama haipendezi kwenye picha.

Kwa mwinuko wenu, ya kiangazi ningeweka hii.

Muhemi, ule mti wa maua mekundu unaochanua ukiwa hauna majani. Chozi wanaupenda, nyuki pia. Unafika hadi mita 2,000 hivi bila taabu. Miwili au mitatu inatosha eneo lote. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni sumu zikitafunwa, na hapo ni shuleni, hivyo uwekeni upande wa kijito, mbali na uwanja wa kuchezea.

Dombeya, mti mdogo wa maua meupe unaochanua kabla ya kutoa majani. Hapo Julai hadi Septemba ni chakula kikubwa cha nyuki.

Mtugutu. Huu ndio ningeuita uti wa mgongo wa bustani yenu: unakua haraka, unavumilia kukatwa, unachanua kiangazi, na maua yake madogomadogo yanafikiwa na kila mdudu, hata nzi na nyuki wadogo wenye ulimi mfupi.

Mishubiri ya kienyeji. Inachanua baridi ikiwa imeshika na haidai maji. Msiing'oe porini. Mishubiri karibu yote, ukiacha ile ya dukani ya Aloe vera, iko kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na mnaweza kupata machipukizi kutoka kwenye nyua za watu bila kugusa pori.

Mivengi kando ya kijito. Inashika maji, inatoa nekta nyingi, na watoto watakula matunda.

Mwisho wa mvua mringaringa unachukua zamu. Maua yake meupe yanajaa nyuki toka alfajiri. Miezi ya mvua yenyewe ni rahisi: kivumbasi, marejea, mgagani mlioacha uchanue, fiwi kwenye uzio, na Leonotis, lile jani refu lenye mipira ya miiba na maua ya rangi ya chungwa linaloota kando ya mashamba. Marejea msiyadharau. Watu wanayajua kama mbolea ya kijani, lakini ua lake halifunguki vizuri mpaka mdudu mzito alikanyage, kwa hiyo linawaleta nyuki seremala, wale weusi wakubwa wanaotoboa kenchi. Haohao ndio wanaochavusha mapasheni, na ndio wanaoweza kulitikisa ua la nyanya au bilinganya kwa mvumo mpaka chavua idondoke. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo ya mvumo.

Mpango wa eneo: robo eka ni karibu mita za mraba 1,000. Msipande zote mwaka wa kwanza, palizi itawashinda. Anzeni na vitalu 20 vya mita 2 kwa 2, kila kitalu aina moja, mashina 12 hadi 16. Sababu ya kutochanganya ni kwamba nyuki akitoka kwenye mzinga hushika aina moja ya ua safari nzima. Ua moja moja lililotawanyika anaruka juu yake tu. Miti iwe upande wa kusini wa eneo. Juni na Julai jua letu linaegemea kaskazini, hivyo kivuli cha miti kitaangukia nje ya bustani wakati wa baridi, pale ambapo maua na wadudu wanahitaji joto zaidi.

---

Mama Kitalu, Tukuyu

Naunga mkono kalenda. Mimi naongezea upande wa mbegu, maana hapo ndipo vikundi vingi vinapoteza mwaka mzima.

Mbegu za mivengi hazihifadhiki. Ukizianika kama maharage umeziua. Okoteni matunda yaliyoiva, menyeni nyama, osheni, na pandeni ndani ya siku chache zikiwa bado na unyevu. Ndiyo sababu mtu anauziwa "mbegu kavu za mivengi" sokoni na hakuna hata moja inayoota.

Muhemi una ganda gumu. Kwangueni upande mmoja kwa tupa au msasa hadi rangi ya ndani ionekane, msiguse upande wenye jicho, kisha lowekeni usiku mmoja. Njia ya mkato ni matawi: kateni fito za unene wa mkono, urefu mita 1.5 hadi 2, mwisho wa kiangazi kabla haujatoa majani. Ziacheni kivulini siku kadhaa jeraha likauke, halafu zichimbieni kina cha sentimita 50. Ukipanda fito mbichi siku hiyohiyo kwenye udongo wenye maji, inaoza kuanzia chini, na utadhani imeshika kwa kuwa majani ya kwanza yanatoka kwa akiba ya ndani ya fito.

Mtugutu pandeni kwa vipandikizi vya sentimita 25 hadi 30 vya tawi lililokomaa rangi ya kahawia, theluthi mbili ziingie udongoni. Tawi la kijani linanyauka. Mishubiri: toa chipukizi, liache siku mbili tatu kivulini, panda mahali palipoinuka. Usimwagilie wiki ya kwanza.

Mringaringa unachukua mwezi mmoja na nusu au zaidi kuota na mche unahitaji miezi mingine kukua. Mkisia leo Agosti, hautakuwa tayari kwa Desemba. Huo usieni sasa kwa ajili ya mwaka ujao, au nunueni miche iliyokwisha kukua. Ulizeni ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), wanahusika na mbegu za miti pia, lakini mtaje jina la mti na mtake wa asili. Ukisema tu "miche ya miti" utapewa misindano.

Kivumbasi kina mbegu kama vumbi. Changanyeni kiganja kimoja cha mbegu na viganja vitano vya mchanga mkavu, mwageni juu ya udongo uliosawazishwa, msifukie. Gandamizeni kwa ubao na funikeni kwa nyasi chache hadi ziote. Zikifukiwa sentimita moja hazioti.

Udongo wa viriba: sehemu tatu udongo wa juu, mbili mboji iliyoiva, moja mchanga. Viriba vya inchi 4 kwa 6 vinatosha miche ya miti. Wiki tatu kabla ya kupanda punguzeni maji na ondoeni kivuli kidogo kidogo. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja kwenda kwenye upepo wa Uyole unaungua majani siku ya pili.

Mkikusanya mbegu za pori, chukueni kutoka kwenye mimea mama isiyopungua kumi iliyo mbalimbali, na kila mmea acheni mbegu nyingi kuliko mlizochuma. Ndani ya hifadhi msiguse. Na nitoe onyo la mapema: kuna mtu kwenye kikundi atapendekeza kuleta maua ya hifadhi ya Kitulo, hasa zile okidi. Okidi za ardhini zinaishi kwa kutegemea kuvu maalumu ya udongo wake; ukizing'oa zinakufa, mbali na kwamba ni kosa kisheria. Tayari zinachimbwa vya kutosha kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vyake.

---

Mwana-Uyole

Asanteni sana. Mama Kitalu, shikamoo tena.

Mambo mawili. Sangari bado sijaelewa. Na kuna mzee mmoja anasema tunajisumbua: tupande mikaratusi na alizeti mwitu, nyuki watakuja wenyewe. Pia ana samadi ya bure, trela nzima, anataka tuimwage kabla ya kulima.

---

Kinyungu, Njombe

Mzee si mwongo kuhusu mkaratusi. Nyuki wanaufuata na asali yake inauzwa. Lakini nyinyi mna kijito hapo chini. Mkaratusi unanyonya maji na chini yake hapaoti kitu. Msindano ndio hauna faida kabisa kwa nyuki, chavua yake inabebwa na upepo na nekta hauna. Alizeti mwitu ni ya Meksiko, ikishika hapo ndani ya misimu michache mtakuwa na alizeti mwitu peke yake, na kijito kitapeleka mbegu kwa watu wengine. Lantana vilevile, ikiwepo ing'oeni na mizizi.

Kuhusu kijito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kupanda mivengi na kuacha nyasi za asili hakuna shida. Kulima vitalu hapo kuna shida. Pitieni ofisi ya mtaa na ofisi ya bonde la maji kabla ya kuchimba.

Samadi mwambieni asante, muiweke kwenye mashimo ya miti tu, debe moja kwa shimo la sentimita 60 kila upande, ichanganywe na udongo wa juu. Kwenye vitalu vya maua ya asili msimwage. Mimea hii imezoea udongo duni. Mkiirutubisha inatoa majani marefu yanayolala, maua machache, na anayeshangilia ni sangari.

---

Bwana Miti, Mafinga

Kinyungu kaniwahi kwenye samadi. Nimalizie sangari.

Mizizi yake inatambaa chini na kila kipande chenye kifundo kinaota upya, kwa hiyo trekta na haro ni kuizidisha. Jembe la kawaida nalo linaikatakata. Tumieni jembe uma, mng'oe mabonge mazima, mkung'ute udongo, mizizi ianikwe juu ya uzio au jiwe, isiachwe chini. Fanyeni sasa hivi udongo ukiwa mkavu na jua kali mchana. Acheni wiki tatu hadi nne, vipande vilivyobaki vikichipua rudieni. Mara mbili kabla ya mvua, na ya tatu mvua za kwanza zikishanyesha, kabla ya kupanda.

Pale ambapo hamtapanda mwaka huu, funikeni kwa maboksi yaliyofunguliwa, yapandane sentimita 20 kila ukingo, juu yake nyasi kavu nene kama sentimita 15. Plastiki nyeusi kwenye baridi ya Uyole haipati joto la kutosha, msipoteze hela. Zungusheni mtaro wa kina cha sentimita 30 kuzunguka vitalu, muusafishe kila mwezi wakati wa mvua, maana sangari inarudi kutoka kwa jirani hata kama kwenu mmemaliza.

Msitumie dawa ya kuua magugu kisha mkapanda maua wiki hiyohiyo. Haina maana kujenga kitu cha wadudu kwa kuanza na sumu.

---

Dawa na Mimea

Naomba nizungumzie puliza ya majirani, kwa sababu bustani ya maua katikati ya mashamba yanayopulizwa inaweza kuwa mtego: mnawaita nyuki halafu wanakufa.

Kwanza tenganisheni dawa. Ile ya ukungu wa viazi, kwa mfano mankozebu, haiwaui nyuki kwa haraka kama viua wadudu. Hatari ni pale mkulima anapochanganya dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye bomba moja la lita 16 "ili amalize kazi". Ulizeni majirani wanachanganya nini, someni lebo pamoja nao. Mkiona lambda-cyhalothrin, profenofos, klorpirifosi, imidakloprid au thiamethoxam, hapo kuna la kuzungumza.

Ombi la kumpelekea jirani liwe dogo na linalotekelezeka. Apulize baada ya saa 12 jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Asipulize zao lililochanua, wala magugu yaliyochanua chini ya zao. Asipulize upepo ukielekea bustanini. Maboga yanafunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana, kwa hiyo anayepuliza maboga saa 2 asubuhi anapuliza nyuki wenyewe. Hilo peke yake linaweza kuwa ndilo linaloangusha maboga machanga huko kwenu: ua la kike lina asubuhi moja tu ya kupokea chavua, na likitembelewa na nyuki wachache tunda linapinda au linadondoka.

Imidakloprid na thiamethoxam zina tabia nyingine. Zinanyonywa na mmea na kuingia kwenye nekta na chavua, hivyo kupuliza jioni hakusaidii kama zao linakaribia kuchanua. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa mazao ya nje ya nyumba za kioo mwaka 2018. Wanaotaka kuuza parachichi huko wana sababu ya pili ya kusikiliza.

Upande wa shamba la viazi pandeni mistari miwili ya mabingobingo, ikae mita mbili na zaidi kwa urefu. Inazuia matone ya dawa, haichanui cha kuvutia nyuki, na wenye ng'ombe watakata. Vitalu vya maua vianze mita 10 ndani kutoka hapo. Na beseni la maji ya nyuki liwe upande wa pili kabisa. Wekeni mawe yatokeze juu ya maji wasizame, mbadilishe maji kila siku mbili au tatu, vinginevyo mtafuga mbu.

---

Parachichi Igogwe

Wakuu, samahani, hapa kuna kitu hakijasemwa. Mkipanda maua matamu karibu na miparachichi, nyuki wataiacha parachichi waende kwenye maua yenu. Ua la parachichi si kipenzi cha nyuki wa asali, likiwa na mshindani linashindwa. Nina mashaka na mpango mzima wa kujaza maua ya Julai hadi Septemba.

---

Dawa na Mimea

Hoja ya haki, ila isichukuliwe nusu.

Chukueni aina mbili za parachichi. Hass inafungua ua la kike asubuhi ya siku ya kwanza, linajifunga, kisha linafunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa la kiume. Fuerte ni kinyume: la kike mchana, la kiume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo mtu mwenye Hass mitano bila Fuerte hata mmoja karibu anaanza na tatizo ambalo nyuki peke yao hawalimalizi. Asubuhi ya baridi pia inavuruga ratiba hiyo, na nyuki wa asali haruki vizuri chini ya nyuzi 13 hivi. Isitoshe, hata mti wenye afya unashika chini ya asilimia 1 ya maua yake, hivyo maua kupukutika siyo ushahidi wa kukosa nyuki.

Wanaofanya kazi asubuhi za baridi ni nzi, pamoja na wale wenye michirizi ya njano wanaoelea hewani kama wamening'inizwa. Hao mtugutu unawalisha, na watoto wa wale wenye michirizi wanakula vidukari. Nyuki wengi wa porini nao hawaendi mbali, mita mia chache tu. Bustani ya robo eka haiwezi kunyonya nyuki wote wa Uyole. Inachofanya ni kuwaweka hai hadi parachichi ichanue.

Ila kwa mwenye shamba la parachichi la ekari kadhaa, nakubaliana nawe: magugu yenye maua chini ya miti yafyekwe wiki inapoanza kuchanua kwa wingi, na maua ya kupanda yawe ya kabla na baada.

---

Parachichi Igogwe

Hapo sawa. Suala la Fuerte wengi hawalijui kabisa, wanauziwa Hass tupu.

---

Nyuki Wadogo, Iringa

Mmezungumzia chakula, nyumba hamjagusa. Bustani isiyo na pa kuzalia ni mgahawa tu.

Nyuki wengi duniani hawana mzinga. Jike mmoja anachimba shimo lake ardhini. Wapeni tuta: urefu mita 2, upana mita 1, kimo sentimita 40 hadi 50, udongo wenye mfinyanzi kidogo uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, ushindiliwe kwa miguu, mteremko utazame kaskazini au mashariki. Lisifunikwe nyasi, lisimwagiliwe, lisilimwe. Mkiona vitundu vyenye duara la udongo laini mdomoni, wamefika. Kosa la kawaida ni mtu mwenye bidii kulipalilia na kulitandazia matandazo kama vitalu vingine.

Nyuki wanaozalia kwenye matundu wapeni vijiti vya mianzi. Huku mianzi ya ulanzi haina shida. Chukueni matawi membamba yenye tundu la milimita 4 hadi 10, mkate sentimita 15, kifundo kimoja kibaki nyuma kama kizibo, mdomo usuguliwe kwa msasa usichane mbawa. Fungeni vijiti 30 hadi 40 kwa pamoja ndani ya kopo, tundikeni kimo cha kifua chini ya paa dogo, mdomo mashariki, kopo lisiyumbe na upepo. Nguzo ipakeni grisi, la sivyo siafu watamaliza kazi kwa usiku mmoja. Kila mwaka badilisheni vijiti ambavyo nyuki wamekwisha kutoka. Mkiviacha vinajaa ukungu na vimelea na vinakuwa sumu badala ya msaada. Mbao zilizotibiwa dawa, zile za kijani, msitoboe kwa ajili hii.

Nyuki seremala wanataka gogo laini lililokauka, unene sentimita 15 na kuendelea, limelazwa juu ya mawe. La muhemi ni zuri. Gogo likiwepo, kenchi za shule zinapumzika.

Nyuki wadogo wasiouma wakiwa kwenye ufa wa ukuta wa shule, mwambieni fundi asizibe kwa saruji. Uyole bado wanaweza kuwepo. Kwa baridi ya Makete na Kitulo msiwategemee.

Walimu wana haki ya kuuliza. Nyuki aliye kwenye ua hana cha kulinda, anauma akikanyagwa au akishikwa. Hatari ni mzinga. Kwa hiyo msiweke mizinga hapo, hata akija mfadhili wa mizinga ya bure na kamera. Njia za kupita ziwe na upana wa mita 1.5 watoto wasijisugue kwenye maua, na vitalu vya kivumbasi, ambavyo vinajaa nyuki kutwa, vikae mbali na madirisha na choo. Mtoto mwenye mzio wa kuumwa na nyuki shule inapaswa kumjua kwa jina.

---

Kinyungu, Njombe

Moto na ng'ombe, wakuu. Mnaweza kufanya yote hayo, Septemba moto kichaa ukapita dakika kumi. Mkinga moto wa mita 5 upande wa nyasi, ukwanguliwe hadi udongo mtupu ifikapo mwisho wa Juni. Uzio wa minyaa unachukua muda kushika. Mwaka wa kwanza tumieni matawi ya miiba, na ng'ombe wakianza kuachiwa baada ya mavuno mtu apite kuukagua kila wiki. Utomvu wa minyaa unaumiza macho vibaya, shuleni nisingeuweka upande wa watoto.

Na wekeni kibao. Bila kibao, wiki moja kabla ya ugeni wa kiongozi kuna mtu atafyeka kila kitu apate "usafi".

---

Bwana Miti, Mafinga

Kufyeka kupo, ila kwa zamu. Theluthi moja ya vitalu kila mwaka, baada ya mbegu kudondoka, na mashina yaachwe kimo cha sentimita 30 kwa sababu ndani ya mashina makavu kuna nyuki wanaolala. Mlichofyeka kirundikwe pembeni, kisichomwe.

---

Mwana-Uyole

Nimeelewa. Kwa Agosti hii basi, nikiitisha kikundi Jumamosi tufanye nini cha kwanza? Na tutajuaje kama inafanya kazi, maana ofisi ya kata watatuuliza?

---

Mama Kitalu, Tukuyu

Jumamosi pimeni vitalu 20 kwa kamba na vigingi, mng'oe sangari ya raundi ya kwanza, msipime zaidi ya mnachoweza kung'oa. Wengine watafute mihemi ya kukatia fito mwisho wa kiangazi, na nani ana mishubiri uani. Mringaringa usieni kwenye viriba mwezi huu kwa ajili ya mwakani. Mtugutu subirini mvua za kwanza, Novemba mwishoni au Desemba, kabla ya hapo vipandikizi vitakauka. Marejea, mgagani na fiwi sieni moja kwa moja shambani mvua zikishika, kivumbasi kianze kitaluni Oktoba.

Kuhesabu: chagueni kitalu kimoja cha kila aina, wekeni fremu ya mita 1 kwa 1 ya fito, mtu akae dakika 10 kati ya saa 4 na saa 6 mchana siku ya jua isiyo na upepo, mara moja kwa mwezi. Aandike safu tano tu: nyuki wa asali, nyuki wadogo, nyuki wengine, nzi, vipepeo. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza. Anzeni kabla hamjapanda, kwenye hayo magugu yaliyopo, vinginevyo hamtakuwa na cha kulinganisha. Na kwenye maboga ya jirani mhesabu mara mbili kwa msimu: maua ya kike yaliyofunguka asubuhi ile, na mangapi yameshika baada ya wiki moja. Ofisi ya kata itauliza maboga, haitauliza vipepeo.